Mbina Haikuzikwa Machimboni

Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, Usukumani hazikosekani hotuba. Mgeni rasmi husimama chini ya turubai, wacheza ngoma wakiwa juani na majembe yao begani, naye huwasihi vijana waenzi mila kabla hazijapotea. Wazee hutikisa vichwa. Mwandishi wa habari huandika. Jioni kila mtu hurudi kwake na imani ileile aliyokuja nayo: kwamba wimbo wa Msukuma uko kitandani, unahema kwa taabu, na ulioulaza pale ni mgodi, ukisaidiwa na simu na kinanda.

Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Kauli hiyo nimeisikia tangu nikienda shule pekupeku, na kwa miaka mingi niliiamini. Siiamini tena. Naona hata inatudhuru, maana mtu akishaambiwa kwamba mgonjwa wake ni wa kufa, huacha kutafuta dawa akaanza kutafuta sanda.

Wanaoisema si wajinga, na hoja yao ina mashiko. Wanasema mbina, kama tunavyoiita ngoma kwa Kisukuma, ililelewa shambani. Watu walilima safu kwa safu, ngoma ikiwa nyuma au mbele yao, manju akitoa wimbo na majembe yote yakishuka kwa pigo moja. Bugobogobo, ngoma ya majembe inayojulikana nchi nzima, imetoka kwenye kazi hiyo. Sasa tazama, wanasema, vijana wako wapi? Wako Nyarugusu, wako Rwamgasa, wako Mgusu, wako Mwakitolyo. Wameshuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, na moko na nyundo, au wako kwenye karasha la kusagia mawe wakimeza vumbi, au mwaloni wakiosha udongo. Wamechanganyika na Wasumbwa, Wazinza, Waha, Wakurya, na lugha yao ya kazi ni Kiswahili. Mkoa wa Geita ulihesabiwa kuwa na watu wapatao milioni 1.74 mwaka 2012. Sensa ya 2022 ikakuta takribani milioni 2.98. Umati huo haukuja kulima kwa ngoma. Umekuja kutafuta dhahabu, na ukimaliza kazi unakaa baa palipo na spika.

Yote hayo ni kweli. Kinachonishinda kukubali ni hitimisho lake.

Tuanze na jembe lenyewe. Kama kupungua kwa jembe la mkono kungeua wimbo, basi wimbo ungekuwa umeshaoza kaburini kabla mgodi wowote wa leo haujafunguliwa. Safu za kulima zilianza kufifia tangu zama za mkoloni, pamba ilipopanuka Usukumani na jembe la kukokotwa na ng'ombe likaingia. Babu zetu walioacha kulima kwa safu hawakuacha kuimba. Waliimba pamba. Mwaka 1955 vyama vyao vya ushirika viliungana kuwa shirikisho la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waasisi wake, na bei, mizani na karani anayepunja vikaingia kwenye nyimbo kama vile mvua na mtama vilivyokuwamo zamani. Nyuma zaidi ya hapo, katika karne ya 19, Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi wa misafara iliyobeba pembe za ndovu hadi pwani, na mguu wa mpagazi ulikwenda kwa wimbo kama mkono wa mkulima. Na mwaka 1982, wizi wa ng'ombe ulipozidi, vijiji vya upande wa Kahama na Shinyanga vikaanzisha sungusungu, walinzi wa jadi waliochukua jina la wadudu wale wang'atao. Nao wakawa na nyimbo zao.

Msafara, pamba, ulinzi. Katika kila zama hizo alikuwapo mzee aliyekuwa akilalamika kwamba vijana wamepotea. Sidhani kama wimbo uliwahi kuishi kwa kukaa mahali pamoja. Umeishi kwa kuifuata kazi kokote ilikokwenda, na leo kazi iko chini ya ardhi.

Lakini kazi peke yake haitoshi kueleza. Kuna kitu kingine kilichouweka wimbo wetu hai, ambacho hotuba za turubai hazikigusi kamwe: ushindani. Tangu karne ya 19 wacheza ngoma wa Usukuma wamegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, wanaofuata nyayo za waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Huwezi kuwa mshabiki wa wote wawili. Kipindi cha baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, makundi mawili huwekwa kwenye uwanja mmoja, kila moja upande wake, nayo huanza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji mwenye kalamu. Watazamaji ndio alama zenyewe. Umati ukihama upande wa Bagalu, Bagika wameumbuka, nao watafanya kila wawezalo kuurudisha: watatoa chatu, watarusha majembe hewani na kuyadaka, watavaa mavazi ya kutisha, au manju wao atatunga papo hapo ubeti wa kumchoma mwenzake mpaka watu wavuke uwanja kwenda kuusikiliza. Ndiyo maana manju alihitaji dawa ya mvuto kutoka kwa mganga. Kuachwa peke yako uwanjani ni aibu inayokaa kijijini miaka.

Nimesimama katika viwanja hivyo nikiwa mdogo, nimebebwa na mkondo wa watu bila kuamua mwenyewe. Unasikia kicheko upande wa pili, na kabla hujajua kilichochekesha, miguu imeshageuka. Mwenye kundi lililoachwa anaona. Ngoma yake inabadilika. Ubeti mpya unazaliwa mbele ya macho yako kwa sababu ule wa zamani umeshindwa.

Sasa niambie, sanaa yenye tabia hiyo inawezaje kukaa vilevile? Manju anayeimba wimbo wa babu yake bila kuongeza neno ataachwa uwanjani na mbuzi. Upya uko kwenye damu ya mbina. Tunapomlaumu kijana kwa kuleta kinanda, tunamlaumu kwa kufanya kile ambacho manju wote wakubwa walifanya: kutafuta kitu kitakachouvuta umati uvuke uwanja.

Uwanja wa leo niliuona Katoro, magharibi ya Geita mjini, siku ya mnada. Kijana mmoja ana kibanda chenye upana wa mlango, laptopu iliyojaa vumbi, waya za chaji zinaning'inia kama utumbo. Kazi yake ni kuingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Walikuja wachimbaji watatu, buti za mpira zimeganda tope la kijivu, wa kwanza akatoa kadi kwenye simu yake ya vitufe. Kijana wa kibanda hakumuuliza anataka nini. Alimsalimu tu, "Mwadila," na kutokana na alivyoitikiwa akafungua faili lililoandikwa KISUKUMA. Ndani yake mlikuwa na mamia ya nyimbo. Bhudagala alikuwamo, Nelemi Mbasando alikuwamo, na majina mengine mengi ambayo mhariri wa gazeti Dar es Salaam hajawahi kuyasikia. Mchimbaji alichagua kwa dakika ishirini nzima, akisikiliza mwanzo wa kila wimbo, akikataa, akikubali, akibishana na wenzake nani ni mkali kuliko nani. Foleni nyuma yao ilinung'unika. Ubishi ule niliutambua. Ulikuwa ubishi wa Bagika na Bagalu.

Nilipoomba kusikiliza, nikasikia kinanda na ngoma za kompyuta, ndiyo. Lakini juu yake manju alianza kama manju aanzavyo: alijitaja, akamtaja baba yake, akataja kijiji alikotoka ili anayetaka kumpinga ajue pa kumkuta. Halafu akamsifu aliyemfadhili. Halafu akamsema mtu. Zamani angemsifu mwenye ng'ombe. Huyu alimsifu mwenye duara. Mifupa ya wimbo ni ileile, nyama ndiyo imebadilika.

Najua nitakachojibiwa: hiyo si ngoma ya asili. Hapo nami nauliza, asili ipi? Bugobogobo inayochezwa mbele ya mgeni rasmi kwa dakika sita, safu zimenyooka, sare zimefanana, mwanzo na mwisho vinajulikana, ina umri gani? Nyerere aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, kikafuata kikundi cha taifa cha ngoma, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanza kuwafundisha watu wa makabila yote kucheza ngoma za makabila yote. Ilikuwa kazi njema. Imemfanya Mmakonde ajue kurusha jembe la Msukuma. Ila kilichopandishwa jukwaani kilikatwa ili kitoshee jukwaa. Ushindani wa mchana kutwa ukawa onyesho. Matusi ya kishairi yakafutwa, kwa sababu mgeni rasmi hatukanwi. Kwa hiyo kile tunachokiita asili ni kichanga kuliko wazee wanaokitazama, na yule kijana mwenye kinanda anayemsema mtu kwa jina yuko karibu zaidi na Ngika na Gumha kuliko wacheza sare.

Wapo watakaodhani nadharau makumbusho. La hasha. Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza, ni mahali ninapopapenda kuliko pengi nchini. Padri David Clement, Mkanada wa Quebec, alijenga pale kanisa lenye sura ya nyumba ya mtemi, akakusanya ngoma za watemi na vifaa vya vyama vya wacheza, katika zama ambazo wamisionari wengi waliona ngoma ni ushetani mtupu. Ukiingia ukazitazama zile ngoma za kitemi, utaondoka umenyamaza. Lakini jiulize ni nini cha Bujora kinachowatoa watu vijijini kwao kila Juni. Ni Bulabo, sikukuu iliyoanzia kwenye maandamano ya Ekaristi na maua, ambamo Bagika na Bagalu wanapambana kama walivyopambana siku zote. Clement alielewa jambo ambalo waliofuata wengi hawakulielewa. Kabati linahifadhi ngoma ya mti na ngozi. Wimbo unahifadhiwa na hasimu wako.

Nije kwa watu wengine, wa mbali, ambao kisa chao kimenifundisha kuogopa neno "kufa". Wayahudi wa Ulaya Mashariki walikuwa na lugha yao, Kiyidi, yenye asili ya Kijerumani na maneno mengi ya Kiebrania na ya Kislavi, inayoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia wasemaji wake walifikia kama milioni 11. Walikuwa na nyimbo za bembelezi, za cherehani, za mapenzi, na wanamuziki wa arusi walioitwa kwa neno lenye maana ya vyombo vya wimbo: klezmer. Kisha Wanazi wakawaua Wayahudi milioni 6, wengi wao wasemaji wa lugha hiyo. Mtafiti wa Kiev, Moisei Beregovski, aliyekuwa amerekodi muziki wao kwenye mitungi ya nta, alikamatwa na serikali ya Stalin mwaka 1950, na mitungi ikadhaniwa imepotea. Ilikuja kupatikana katika maktaba ya Kiev miaka ya 1990.

Huo ndio wimbo unaoweza kusemwa uliuawa. Na hata huo haukufa. Miaka ya 1970 vijana wa Kiyahudi wa Marekani, ambao wengi hawakujua Kiyidi, walianza kutafuta santuri za kale. Santuri hazikuwatosha. Mmoja wao, Andy Statman, ilimbidi amwendee Dave Tarras, mpiga klarineti mzee aliyezaliwa Ukraine mwaka 1897, akae naye, amtazame anavyopumua. Mwaka 1985 ikaanza kambi ya kila mwaka, KlezKamp, ambako wazee wa aina ya Tarras waliwafundisha watu uso kwa uso. Muziki ukarudi majukwaani dunia nzima. Wakati huohuo, mitaani Brooklyn, Wayahudi Wahasidi hawakuwa na habari na kambi wala uamsho wowote. Walikuwa wakiendelea kuwalea watoto wao kwa Kiyidi, kununua mikate kwa Kiyidi, na kuimba mezani kwa kiongozi wao wa dini usiku wa Sabato, kwa sababu ndivyo wanavyoishi.

Ninapoviweka visa hivi viwili pamoja, cha majukwaani na cha Brooklyn, najifunza mambo ambayo makumbusho hayasemi. La kwanza ni kwamba sisi hatukupigwa pigo lile. Sijawahi kusikia jeshi lililokuja kuwaua manju wa Usukuma. Kulitumia neno la msiba juu ya watu ambao Jumamosi hii wana arusi tatu kwenye kata moja ni kukosa adabu kwa wafiwa wa kweli. La pili ni zito zaidi, na ndilo linalonifanya nisilale nikidhani mambo ni shwari.

Wimbo unaweza kupendwa bila kueleweka. Mwimbaji Saida Karoli alitoa nyimbo zake za Kihaya mwaka 2001, na nchi nzima ikacheza bila kujua anachosema. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny waliuchukua Maria Salome wakautengeneza upya, na wajukuu wa wale wachezaji nao wakacheza. Furaha ile ilikuwa halali kabisa. Ila katika umati ule usingempata mtu wa kumjibu Saida kwa ubeti wa Kihaya. Asiyeelewa hucheza, hawezi kuwa hasimu. Na mbina bila hasimu, kama nilivyosema, ni onyesho.

Hapo ndipo nionapo ufa. Machimboni watoto wanakua na Kiswahili cha kambi, kizuri, chenye nguvu, nami ndicho ninachokiandikia. Lakini Kisukuma wanakisikia kwa bibi tu, wakienda likizo, kama bibi bado yupo. Manju anaimba kwa mafumbo yaliyofungwa ndani ya maneno ya ng'ombe, ya mtama, ya vyeo vya zamani. Kijana anadaka mdundo, anadaka jina la baba yake likitajwa, fumbo linampita. Prodyuza naye, ambaye aghalabu si Msukuma, anaomba wimbo wa dakika nne, na kinachokatwa ni pale manju alipokuwa anazunguka ili aje kuchoma. Na wimbo ukishatoka, unanakiliwa kadi kwa kadi bila mtunzi kupata senti, kwa hiyo manju anaishi kwa kutunzwa arusini, na anayetunzwa arusini hujifunza upesi kusifu zaidi na kusema kidogo. Hayo ndiyo maradhi. Kinanda hakimo.

Hatuko mikono mitupu. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodia, akarekodi nyimbo za makabila mengi. Frank Gunderson, Mmarekani aliyekaa na wakulima wetu, alichapisha mwaka 2010 kitabu chenye zaidi ya nyimbo 300 za kazi za Wasukuma, na tafsiri na maelezo ya kila wimbo. Kimechapishwa ng'ambo kwa Kiingereza, kwa bei ambayo mwalimu wa Kahama hawezi kuigusa. Laiti fedha za turubai la mgeni rasmi kwa mwaka mmoja zingetumika kuwaweka wazee wawili, mmoja wa Bagika na mmoja wa Bagalu, mbele ya wale vijana wa kinanda, wabishane juu ya maneno kwa wiki nzima! Na zawadi ya mashindano apewe manju kwa ubeti aliotunga siku hiyohiyo, na wenye migodi mikubwa wanaopenda kupigwa picha na wacheza ngoma wakubali kusemwa ndani ya ubeti huo.

Mwaka jana nilikuwa arusini, kwenye kitongoji cha wachimbaji ndani ya mkoa wa Geita. Spika mbili, kinanda kimoja, na ngoma halisi moja ya ngozi ambayo mpigaji aliiotesha jua kutwa. Bwana arusi alikuwa mtu wa duara. Ilipofika zamu ya kuwatunza wakubwa, manju akamgeukia mwenye duara, mtu mnene aliyekaa mbele na noti mkononi, akamwita nsumba ntale. Wazee wachache wakaguna kwa furaha. Kijana aliyeketi kando yangu, aliyekuwa akicheza vizuri kuliko mimi tangu jioni, akaniinamia akauliza, "Kaka, hiyo nsumba ntale ndiyo nini? Ni jina lake?"

Nyuma yetu alikuwapo mama mmoja mtu mzima, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anauza karanga. Alinitangulia kujibu. Alimwambia ni mkubwa wa vijana, mwanangu, yule mliyemchagua wenyewe awaite kulima, na jua likichomoza hujafika shambani alikutoza, na chakula kikija alihakikisha hamna aliyenyimwa. Kijana akamtazama mwenye duara pale mbele, kisha akamgeukia mama. "Kumbe anamsema," alisema. Mama akacheka, akamwashiria anyamaze, maana manju alikuwa hajamaliza.